Sauti ya Maman Nabintu na Mikro ya Phonie

Jumapili, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza kabla ya misa ya kwanza, na mpaka sasa, saa nane mchana, haijakata. Ziwa halionekani kabisa. Mwamini, mke wangu, yuko chumba cha pili anachambua maharagwe na hanisemeshi.

Ana haki.

Daftari hii niliiacha tangu Agosti. Nikiifungua, ujue kuna jambo limenikaa kooni. Leo lipo, na sitalizungusha: juzi Ijumaa nilimdanganya mwanamke aliyetoka hospitali. Nilimfanya aamini kwamba sauti yake ilikuwa imekwisha hata kabla daktari hajamgusa. Aliamini. Akanishukuru, akaniachia na kikapu cha viazi.

Viazi hivyo viko jikoni. Mwamini hajavigusa.

Niandike tangu mwanzo, kwa sababu nikianzia Ijumaa nitajitafutia visingizio.

Kazi yangu ni kurekodi. Studio yetu ni chumba kimoja nyuma ya ofisi za parokia, hapa Ibanda, mjini Bukavu. Tumepigilia magodoro ya zamani ukutani, na kuna dirisha moja ambalo halijawahi kufunga vizuri. Nina magnetofone, mashine ya kurekodi kwenye bande kubwa, yaani utepe, na mikro mbili za kuongelea. Ya kwanza ni ya kawaida, ya kijivu, imechubuka kichwani, na sijui iliingia parokiani mwaka gani. Ya pili ndiyo iliyonipa jina mjini.

Hiyo ya pili ilikuwa mikro ya phonie, ile redio ambayo misheni huongelea kila asubuhi: nani anaumwa, dawa gani imeisha, lori limekwama wapi. Padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliniachia mikro yake ya mezani. Ndani yake kuna betri na kimashine kidogo tunachokiita kompresa. Kazi ya kompresa ni kubana. Ukipaza sauti inakushusha, ukinong'ona inakupandisha, ili kule misheni ya mbali, katikati ya mikwaruzo ya hewani, maneno yote yafike yakiwa na kimo kimoja. Kwa phonie ni kitu cha maana sana. Padri mwenye mafua na padri mwenye hasira wanasikika sawasawa.

Lakini haina kitufe cha kuizima. Kila kinachopita humo kinabanwa kabla ya kufika kwenye bande, na kikishabanwa hakuna wa kukikunjua. Hilo nililijua. Naliandika hapa ili nisije siku moja nikasema sikujua.

Siku niliyoijaribu studioni, nilimweka mbele yake katekista wetu, mtu mpole ambaye hata akigombana humsikii. Kwenye bande alitoka mzito, wa karibu, kana kwamba amekaa na wewe kitanda kimoja. Pumzi yake ilisikika, na mate yake yalisikika. Watu wa ofisini wakaja kusikiliza, wakacheka, wakaipa mikro jina la Monseigneur, kwa sababu kila anayeongea ndani yake anageuka kuwa askofu.

Basi ikawa Monseigneur hapa, Monseigneur pale. Kwaya zilikuja kutoka Kadutu, kutoka Bagira, mpaka Kasha kule juu, na kabla ya salamu wanauliza kama Monseigneur yupo. Kaseti zangu zilisikika vizuri hata kwenye viredio vibovu vya sokoni. Sindano ya kupimia sauti kwenye magnetofone ilikuwa inatulia mahali pamoja, haipandi wala haishuki, nami naitazama nikitabasamu peke yangu. Mtu akinisifu njiani, "Citoyen Birindwa, kaseti yako iko safi," najifanya sikusikia ili arudie.

Kwaya zote zikawa na sauti moja. Hilo pia nililiona. Nikajiambia kwamba huo ndio ustadi wangu.

Maman Nabintu aliletwa na Mwamini. Wote wawili wametoka mlima mmoja, kule Nyangezi. Mke wangu alikuwa amenisimulia habari zake tangu tulipokuwa wachumba, kwa hiyo nilimjua kabla ya kumwona. Kwao kila mlima una mtu wake wa kuita, na mlima wao ulikuwa na Nabintu. Mtu amefariki, ng'ombe wamepotea, harusi imesogezwa siku: anasimama kwenye ukingo wa shamba lake na kuita. Anaanza chini kabisa, karibu ajisemee mwenyewe, kisha sauti inapanda kidogo kidogo, halafu anaitupa ng'ambo ya bonde mpaka mlima wa pili. Mwamini anasema utotoni aliwahi kuitwa hivyo akiwa mtoni na wenzake, na mtungi ukamtoka mkononi.

Kwa miaka mingi Maman Nabintu alikuwa na goitre, uvimbe wa shingo kama walio nao mama wengi wa huku milimani. Mwaka huu ukaanza kumziba pumzi. Daktari akamweleza bila kumficha: lazima apasuliwe, na anaweza kuamka na sauti nyingine. Akakubali. Alichotaka kilikuwa kimoja tu, kwamba sauti yake iwekwe mahali kabla ya kupasuliwa. Binti yake Faida ana mimba ya kwanza, na mama alitaka mjukuu aje asikie namna bibi yake alivyokuwa akimwita Faida arudi nyumbani kutoka shamba la ng'ambo.

Aliomba hilo tu. Wala hakuomba kaseti ya kuuza au sifa redioni.

Alikuja Agosti, wakati wa vumbi, amevaa pagne yake ya sikukuu. Nilimweka kwenye kiti, nikamsogezea Monseigneur mpaka karibu na midomo, kama ninavyowafanyia wote. Akaitazama, akanitazama.

"Papa, iyi kitu iko karibu sana," akasema. "Miye niko naita mutu wa mbali. Utie ile ingine, uiweke kule ku mulango, na miye nisimame."

Alikuwa anaonyesha ile ya kijivu. Mama wa watu hajui bande, hajui kompresa, na kwa sentensi hizo alikuwa ameniambia kila kitu nilichotakiwa kufanya. Mlango ulikuwa hatua nne. Waya ulikuwa unafika.

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

"Maman, usiogope. Iyi njo batu bote banapenda. Utasikia weye mwenyewe."

Akatengeneza kitambaa chake kichwani. Mtu akiwa mgeni kwenye chumba cha mashine, ataanzaje kubishana na mwenye mashine?

Akasimama hata hivyo, kwa sababu kukaa kulimshinda. Akaita mara moja, kujaribu, kabla sijavaa kaski masikioni. Alianza chini, nikasikia jina la binti yake likipita kwenye meno, na halafu sauti ikaondoka pale chumbani. Sina namna nyingine ya kulisema. Kioo cha dirisha kililia. Mimi mwenyewe niligeuka nyuma kumtazama huyo Faida, nikijua hayupo.

Kisha nikavaa kaski, nikawasha bande, akaita mara tatu, akiacha kimya kirefu katikati kama wanavyofanya kwao. Kwenye kaski yote yalikuja safi, ya karibu, manene. Sindano ilikuwa imelala palepale. Masikio yangu yalikuwa yamesikia jambo moja, kaski ikanipa jingine, na mimi nikaiamini kaski, kwa sababu kaski ilikuwa inanisifu mimi.

Umeme ulikatika kabla hajasikiliza. Kesho yake akaingia hospitali. Baadaye akapelekwa nyumbani Nyangezi kupona, na mvua zikaanza.

Ijumaa akarudi.

Alikuwa amekonda kidogo, amefunga kitambaa shingoni kuficha kovu. Goitre imetoka, anapumua vizuri, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini sauti ni ile ya kukwaruza, ya chini, lazima uinamishe kichwa umsikie. Akaniambia amekuja kujisikiliza. Alilisema kwa haya, kama mtu anayeomba picha yake ya ujanani.

Nilimweka mbele ya spika. Mwanzo ulitoka mkubwa sana: ile sehemu ya chini, ambayo ilikuwa karibu kunong'ona, ilijaza chumba. Akatabasamu. Akaweka mikono magotini, akangoja. Nami niliona anangoja nini. Alikuwa anangoja ile sauti iondoke.

Haikuondoka. Ilipofika pale pa kupanda, Monseigneur aliishika na kuishusha. Jina la Faida likabaki chumbani pamoja nasi, kwa kimo kilekile, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katikati, kwenye vile vimya, mashine ilikuwa inainua kila kilichokuwepo: taipureta ya ofisi, kuku wa masista, makelele ya barabarani, vyote vikubwa kama yeye.

Bande iliisha. Alibaki anaitazama spika.

"Uyu ni miye?" akauliza.

"Ni weye, Maman."

"Uyu mwanamuke hata mutu wa ku mulango hawezi kumusikia."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa tayari: Maman, kosa ni langu, uliniambia nikakataa. Lakini nje, kwenye benchi, kulikuwa na kwaya inasubiri zamu yake, na mlango ulikuwa wazi, na walikuwa wamekuja kwa ajili ya Monseigneur. Niliona mbele yao ningekuwa nani. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni hiki:

"Maman, ile siku ulikuwa umechoka sana. Ile goitre ilikuwa imeshafinya sauti. Ilikuwa imeshaenda."

Nililisema kwa upole. Upole huo ndio nisioweza kujisamehe leo.

Akatikisa kichwa polepole, mara mbili, kama mtu anayeelezwa jambo ambalo alilihofia.

"Kumbe ilikuwa imeenda zamani," akasema. "Na miye nilikuwa najifurahisha. Batu balikuwa bananihurumia tu."

Halafu akanishukuru kwa kazi. Akasema bande ni kitu cha bei, nisipoteze, nirekodi watu wengine juu yake. Akasukuma kikapu kwa mguu, viazi vya shamba lake mwenyewe, akasema nimsalimie Mwamini. Nikampokea kikapu. Kwaya ikaingia.

Nilirekodi vizuri sana Ijumaa ile. Hilo nalo ni kweli.

Nyumbani nilimwambia Mwamini kwamba Nabintu amekuja, kwamba bande si nzuri, kwamba huenda uvimbe ulikuwa umemharibu mapema. Nilikuwa nimeanza kuuamini uongo wangu kidogo. Jana alinitazamatazama tu siku nzima. Leo baada ya misa, chini ya mwavuli, akasema, "Twende ku studio. Nataka kusikia."

Nikamwekea. Akasikiliza akiwa amesimama, mwavuli unachuruzika maji sakafuni. Mwito wa kwanza ulipokwisha akasema, "Uyu haiko Nabintu." Mwito wa pili ukapita, kikaja kimya, na kwenye kimya zile taipureta na kuku. Mwamini akainua kidole.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Uyu anaitika ni nani?"

Sikuelewa anauliza nini. Akanifanya nirudishe mara tatu. Mara ya tatu nikamsikia na mimi. Nyuma ya taipureta, nyuma ya kuku, katikati ya yale niliyoyaita makelele ya barabarani, kuna mwanamke. Anatoa sauti moja ndefu, kisha maneno mafupi ya Kishi, lugha ya kwao Mwamini. Baada ya mwito wa tatu anarudia tena, maneno yaleyale.

Mwamini alikuwa ameshika meza. Akanieleza kwamba kwao anayesikia mwito lazima aitike, hata kama hakuitwa yeye, ili mwenye kuita ajue sauti imefika. Maneno yale ndiyo ya kuitikia: nimekusikia, iko inafika. Ni mama fulani wa huko kwao, alisema, labda alikuwa anapita na mzigo wake kwenda sokoni, akasikia mtu wa mlimani anaita katikati ya mji, akatua mzigo, akaitika. Hakuweza kupita bila kuitika.

Barabara iko chini, nje ya ukuta wa parokia. Kati ya barabara na studio kuna ofisi, kuna bustani yote ya masista, kuna ukuta. Na dirisha letu lilikuwa limefunguka kidogo tu.

Kwa masikio yangu siku ile nisingemsikia yule mama kamwe. Ni Monseigneur aliyemwokota, kwa tabia yake hiyohiyo ya kuinua vidogo. Na mimi nilikuwa nimeketi na bande hiyo miezi mitatu, na Ijumaa nimeicheza mbele ya mwenyewe, nikaambiwa kwenye spika kwamba sauti imefika mpaka barabarani, huku mimi namwambia ilikuwa imekwenda.

Maman Nabintu hakumtambua, nadhani, kwa sababu alikuwa anajisikiliza yeye tu. Na baada ya maneno yangu hakuwa na sababu ya kusikiliza kitu kingine.

"Ulimuambia nini Nabintu?" Mwamini akauliza. "Niambie maneno yenyewe."

Nikamwambia maneno yenyewe, ya kwangu na ya kwake. Alifungua mwavuli wake humohumo chumbani na kutoka. Hajanisemesha tangu hapo.

Nimekaa na hili tangu saa tano. Nimejaribu kuilaumu mikro na imenishinda. Ilibana kwa sababu ilitengenezwa kubana. Fundi aliyekuwa nazo mbili mezani ni mimi, aliyeombwa ile ya kijivu ni mimi, aliyecheka ni mimi. Hayo yote bado ni kosa la kazi, na makosa ya kazi nimefanya mengi. La Ijumaa ni jingine. Daktari alichukua sauti yake kwa ruhusa yake, ili apate kupumua. Mimi nilimchukulia hata ile miaka aliyoitumia. Sasa hivi yuko kule kwake, katika mvua hii, anakumbuka kila mara aliposimama kwenye ukingo wa shamba na kujiuliza kama watu walikuwa wanamsikia au walikuwa wanamwonea huruma.

Najionea aibu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Ile sauti siwezi kumrudishia. Hakuna mtu Bukavu nzima, hakuna mashine Zaïre nzima, ya kuitoa kwenye ile bande ikiwa na ukubwa wake. Mjukuu wa Nabintu hatamsikia bibi yake. Hilo limekwisha na nitakaa nalo.

Lakini kuna yule mama wa barabarani. Nimenakili kile kipande kwenye kaseti, mwito na mwitikio. Kesho kuna kwaya ya Kasha saa tatu; nimemwachia sekretari ujumbe kwamba sipo. Kuna lori linalopanda Nyangezi asubuhi mapema, kama barabara itapitika. Nitabeba kiredio cha kaseti na betri mpya.

Nilidhani nianze na kaseti. Nimsikilizishe kwanza, afurahi, halafu katikati ya furaha nipenyeze maneno yangu, yapite bila kuonekana sana. Nimeandika hilo na kulisoma tena, na namtambua anayelisema. Ni yuleyule wa Ijumaa. Basi uongo wangu utatangulia, kaseti itafuata.

Halafu atauliza kwa nini sikuweka ile ingine kule mlangoni. Jibu ninalo: nilipenda kusikia kazi yangu kuliko kumsikia yeye. Sijui kama nitaweza kulitamka kwa Kiswahili, sembuse kwa Kishi.

Ninachokihofia zaidi ni ukarimu wake. Nawajua watu wa kule. Nikifika tu, ataleta kiti. Nikikaa, atawasha moto, ataniwekea chakula mbele, atauliza habari za Mwamini na watoto kwa ile sauti yake ya sasa. Nikishaonja chakula chake nitamwambia nimekuja kumsalimia tu, nitakula, nitamshukuru, na nitarudi Bukavu na lori la jioni.

Kwa hiyo kiti nitakikataa. Nitasema nikiwa bado nimesimama.